Siku Nilipofunga Kisima cha Mwalimu

Ndugu zangu, kuna watu huzomewa kwa miluzi, mimi nilizomewa kwa wimbo, tena wenye kibwagizo, na aibu yake ninayo mpaka leo hapa Newala.

Zilikuwa zile siku za soko huria, ushirika umetupunguza kazi sisi makarani, kampuni za kununua korosho zinaingia kila wiki, na kila mwenye viatu vya kung'aa kawa wakala wa kitu fulani. Mimi nikawa dalali wa nyumba (mkoba nilikuwa nao, ndani mna kitana na muhogo wa kuchoma, lakini nani angefungua?). Nikasikia kampuni moja inawahamishia huku wafanyakazi sita kutoka Dar es Salaam, nikamwandikia meneja wao barua kuisifia nyumba ya mwalimu mmoja aliyehamia Lulindi: upepo mwanana, bonde la Ruvuma mbele yako, na maji hayana shida. Maji, Newala hii ya ukame, hayana shida! Nilijua meneja akiridhika, wale watano wengine ni wangu, na watu wataacha kuniita karani aliyepunguzwa.

Sasa nyumba ile ilikuwa na kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, na mwalimu alishawaruhusu majirani wote wachote. Mwezi wa kumi, mvua hakuna, maji yamebaki usawa wa magoti. Nikaona nikipige kufuli siku tatu tu, ili mgeni akichungulia akute angalau kitu. Hata mke wangu sikumwambia.

Basi meneja akafika na mkewe, Mama Neema, mwanamke mkimya mwenye miwani ya jua, nami nikaanza maelezo kwa Kiswahili cha redioni. Tulipozunguka nyuma tukawakuta akina mama kama ishirini wamekizunguka kisima na ndoo tupu, jirani yetu Mama Sofia mbele yao, mikono kiunoni.

"Na hawa?" meneja akauliza.

Ulimi ukanitangulia. "Kikundi cha ngoma, mzee. Wamekuja kuwakaribisha. Hizo ndoo ndizo ngoma zenyewe."

"Basi watupigie," akasema, akaketi barazani.

Nikamkimbilia Mama Sofia, nikamnong'oneza kwa Kimakonde: dada yangu, nisitiri, imbeni chochote, watu wa Dar hawa hawaelewi.

"Chochote?" akauliza.

"Chochote."

Akageuza ndoo, akaipiga, wenzake wakaitikia. Wakaimba kwamba baba wa kufuli katufungia maji, watoto siku ya tatu hawajaoga, baba wa kufuli mkoba wake mzito, umejaa maneno. Nami huku natafsiri kwa tabasamu: "Wanasema karibuni, mgeni ni baraka." Meneja akapiga makofi (nami nikapiga, tena kwa kufuata mdundo).

Ubeti wa tatu, Mama Neema akavua miwani, akainuka, akaingia katikati yao na kuitikia kibwagizo neno kwa neno, kwa Kimakonde safi. Kisha akaja mbele yangu.

"Shikamoo, baba wa kufuli," akasema. "Mimi nimekulia Kitangari, hapo jirani. Nimebeba maji kichwani mpaka naolewa. Fungua."

Nikafungua, akina mama wakachota. Meneja akamuuliza mkewe kama waondoke.

"Nyumba tunaichukua, na majirani hawa tunawachukua," akajibu. "Huyu ndiye tunamwacha."

Wale watano wengine walitafutiwa nyumba na Mama Sofia, asiye na mkoba, aliyewaambia waziwazi bati lipi linavuja na kisima kipi kina ufa, nao wakamwamini kwa hilohilo. Mimi nimeapa sitamsifia tena mtu maji nisiyoyachota mwenyewe. Na kisima changu kikikauka, maana hukauka kila mwaka, mimi huenda kwa Mama Neema na ndoo yangu, nikapanga foleni nyuma ya akina mama, na zamu yangu ikikaribia lazima mmoja ageuze ndoo aanze kupiga. Nami huitikia, kwa sababu nisipoitikia sichoti.