Kibali Kilichobaki Sandukuni

Watu wengi wakisikia kiwambo cha sauti humwona muuaji wa sinema, mwenye glavu nyeusi, akipanda ngazi taratibu. Naomba nianze kwa kukitoa kitu hicho kwenye sinema. Kiwambo ni bomba fupi la chuma linalozungushwa kwenye mdomo wa bunduki, kama unavyofunga kifuniko cha chupa. Hakiifanyi bunduki iwe bubu. Ule mlio unaopasua masikio unapungua tu, unakuwa kama wa mtu aliyebamiza mlango wa gari nyumba ya pili. Mimi nakihitaji kwa sababu moja. Kazi yangu ni kupunguza sungura na mbweha pembezoni mwa Sydney, kwenye viwanja vya gofu na mashamba ya farasi yaliyopakana na nyumba za watu, na farasi akishtuka anaweza kuvunja uzio, na mguu wake pia.

Katika jimbo letu kiwambo kimo kwenye orodha ya silaha zilizokatazwa. Leseni ya bunduki haitoshi. Kiwambo kina kibali chake peke yake, na kwenye kibali changu imeandikwa namba ileile iliyochongwa kwenye chuma. Polisi akitaka kukiona, unamwonyesha. Huna, basi umebeba silaha iliyokatazwa, na maelezo yako yatasikilizwa baadaye, mahali pengine, kibali kikiwa kimeshasimamishwa.

Kibali kikisimamishwa, kazi nayo imekwisha. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza na sikuacha kulifikiria. Kwetu Tanzania nilikuwa askari wa wanyamapori miaka tisa. Nilipomfuata mke wangu huku, aliyekuwa ametangulia kusomea uuguzi, nilipakua makontena katika bandari ya Port Botany miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniuliza ninajua nini. Ndipo mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kudhibiti wanyama waharibifu aliponipeleka shambani, akaniuliza nyayo zile ni za nani na zimepita saa ngapi. Nikamjibu. Nilikuwa sijajibu swali la namna hiyo tangu nipande ndege.

Kwa hiyo kibali kilipokuja nilikitunza jinsi nilivyofundishwa kutunza karatasi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Msomaji uliyekulia kwetu utanielewa upesi. Cheti halisi hakitembei. Kinalala kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, na sanduku linafungwa. Kinachotembea ni nakala iliyogongwa muhuri. Basi nilikwenda maktaba ya karibu, ambako mzee wa kujitolea hukaa mezani siku fulani akithibitisha nakala za watu bure. Nilimpelekea nakala sita za kibali. Akazilinganisha moja moja na karatasi halisi, akagonga, akasaini. Moja nikaiweka garini. Muhuri ulikuwa mwekundu, umekaa vizuri pembeni, na kila nilipoutazama moyo ulitulia.

Mama alipokuja kututembelea Quakers Hill, kitongoji tunachokaa, alikagua sanduku letu kabla hajakagua jiko. Alikuwa na sababu. Nilipomaliza kidato cha nne, ofisi moja huko kwetu iliomba kuona cheti changu halisi. Baba akakipeleka. Wakasema wanakiona tu, arudi kesho. Alirudi kesho nyingi, na cheti hakikuonekana tena. Tangu hapo Mama ana daftari, na karatasi yoyote ikitoka nyumbani anayeichukua anasaini. Alituanzishia daftari jipya hapa hapa Sydney, ufunguo wa sanduku akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Mke wangu alicheka, akasema sasa tuna benki.

Miezi michache kabla ya asubuhi ninayotaka kuisimulia, kibali kilikuwa kimefika mwisho wa muda wake na nikapata kipya. Kipya kikaenda sandukuni. Garini ikabaki nakala ya zamani, yenye muhuri wake mwekundu. Sikuwaza hata kidogo. Macho yangu yalikuwa yamezoea kutafuta muhuri, si tarehe.

Asubuhi ile nilikuwa natoka shamba la farasi, jua limeshapanda, njaa imenishika. Polisi walikuwa wamesimamisha magari kupima pombe, jambo la kawaida kabisa barabara za huku. Nilipuliza kwenye kifaa, nikawa safi. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyojizoeza, nikamwambia askari aliyenipima kwamba nyuma kuna bunduki, imefungwa kwenye sanduku lake, risasi ziko mbali nayo, na kuna kiwambo. Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, nywele kazisuka mkia mmoja. Neno la bunduki halikumshtua. La kiwambo lilimfanya aniombe nizime gari na nimpe funguo.

Leseni ilikuwa sawa. Akaomba kibali, nikampa nakala. Aliisoma muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniuliza kwa upole, upole ambao uliniogopesha kuliko ukali, kama najua kwamba karatasi hii imeisha muda. Nilijibu kwamba imethibitishwa. Akasema muhuri unathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi ya wakati ule, basi. Haufufui kilichokufa.

Mwenzake, mwanamume mkubwa kiumri, aliita kwa redio na kutazama skrini ya garini. Waliona kwamba nina kibali kipya. Namba ya kiwambo ndiyo haikuonekana kwenye skrini yao, na bila namba hawakuweza kujua kama bomba lile ndilo lililoruhusiwa au ni jingine. Nilisimama kando ya barabara, mikono nikiwa nimeiacha ionekane, magari yakipita polepole na watu wakinitazama. Mwafrika, polisi wawili, buti la gari wazi. Nilijitazama kwa macho yao, nikaona kila walichokiona. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuvaa tena koti la njano nililokuwa nikivaa bandarini.

Yule mwanamke akaniuliza karatasi yenyewe iko wapi. Nyumbani, nikasema, dakika nane kutoka hapa. Wakasemezana pembeni. Kisha akaniambia mwenzake ataendesha gari langu, mimi nitapanda lao, na tutakwenda kuiangalia. Karatasi isipokuwepo, au namba zisipolingana, itabidi achukue kiwambo na bunduki na anifungulie kesi. Aliniruhusu kupiga simu, nikampigia Mama, aliyekuwa bado kwetu, maana mke wangu alikuwa zamu ya hospitali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka?"

Nikamweleza: niko na polisi, hakuna aliyeumia, sijagonga mtu, wanahitaji ile karatasi ya buluu iliyo juu kabisa sandukuni.

"Wanataka kuiona au kuichukua?"

"Kuiona tu, Mama."

"Hata wale walisema hivyo."

Simu ikakatika. Njia nzima niliomba asije akagoma kufungua mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alisimama kizingitini, kanga mabegani, kibali mikononi ndani ya plastiki yake, daftari kwapani. Askari akamsalimu, akanyoosha mkono. Mama hakutoa kitu. Alimtazama usoni, akasema nami bila kugeuza macho:

"Mwambie asome. Asishike."

Nilitafsiri kwa kulainisha, kwamba mama yangu angependa kuishika karatasi yeye mwenyewe, kama haitakuwa tabu. Nilitegemea mambo yaharibike pale pale. Yule askari aliinamisha kichwa akaanza kusoma, na alipotaka ukurasa wa pili Mama akamfunulia, kama mtu anayemshikia padri kitabu.

Tarehe ilikuwa sawa. Ikabaki namba. Tukaenda wote kwenye buti, Mama na ndala zake, karatasi kifuani. Askari alivaa glavu, akatoa kiwambo kwenye kasha lake, akaanza kusoma tarakimu kwa sauti huku akitazama karatasi. Zilikuwa saba. Tano zikaenda vizuri. Ya sita kwenye karatasi ilikuwa nane. Kwenye chuma ilionekana tatu.

Alisoma tena. Tatu. Nikasema ni masizi, moshi wa baruti huganda kwenye michongo, nami sikuwa nimekisafisha tangu juzi. Sauti yangu mwenyewe ilinisikikia kama ya mwongo. Yule mwenzake akajongea.

Mama hakuwa ameelewa Kiingereza, ila aliona uso wangu, akaona wapi kidole cha askari kimekomea. Akatoa pindo la kanga, lile lisilo na ufunguo, akalilowesha kwa ulimi, akamnyooshea. Askari alilitazama, akanitazama mimi, kisha akalishika na kusugua chuma, Mama akiwa bado ameivaa kanga, wameinama vichwa karibu kugusana. Aliposugua mara ya tatu aliinua kiwambo kwenye mwanga.

"Nane," alisema.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara bila kuombwa. Aliniambia leo ananipa onyo tu, na kwamba karatasi inayotakiwa kutembea na kiwambo ni ile ya sasa, yenyewe, si nakala iliyo mjukuu wake. Nilikubali kila kitu. Alirudisha vitu mahali pake, akanipa funguo, akageuka aondoke.

"Bado," Mama akasema. "Mwambie binti yangu asaini. Kwamba ameiona na ameiacha."

Nilimsihi kwa sauti ya chini, Mama, tafadhali, tuwaache waende. Alikuwa ameshafungua daftari na kalamu iko katikati. Nikamweleza askari, nikimwangalia viatu. Alicheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi ile, akaliweka daftari juu ya buti la gari langu. Aliandika jina, namba yake ya kazi na saa. Kwenye safu ambayo Mama huandika kilichochukuliwa, aliandika kwamba hakuchukua chochote. Mama aliniomba nimsomee. Akaniambia nimsomee tena.

Ukiwa na karatasi ya namna hii, ndugu yangu, usione aibu kujifunza kwa kuchelewa. Itoe sandukuni leo, utazame tarehe kabla ya muhuri. Mimi siku hizi natembea na karatasi yenyewe, na bado nikiona taa za buluu mbele mkono huenda mfukoni kabla akili haijafika.

Lakini haikutoka sandukuni bure. Asubuhi iliyofuata nilipokuwa navaa buti, Mama alisimama mlangoni na kibali mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Nilimkumbusha kwamba ni changu, kina jina langu.

"Hata kile cha shule kilikuwa na jina lako," alisema. "Saini hapo, chini ya binti."

Nikasaini. Akahesabu kurasa mbili, akanikabidhi kibali, na hakukiachia mpaka nilipomwambia nitarudi saa ngapi.