Kundi O na Ndugu wa Kuchanjana

Baba yangu alipokatazwa pilipili na dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nampenda karani mmoja wa stesheni ya Voi, na kilichotuzuia kuoana kilikuwa kimoja tu: damu.

Si damu ya kuzaliwa. Baba yangu alikuwa Mtaita wa milimani, baba wa huyo karani alikuwa Mluo, na wote wawili walikuwa mafundi wa njia ya reli, huko upande wa Ndara. Siku moja kifaru aliwafukuza. Baba akajikwaa akaanguka, mwenzake akarudi kumwinua huku mnyama anakuja, wakaparamia nguzo moja ya simu na kukaa huko nusu siku wamekumbatiana kama wachumba. Walipoteremka wakachinja mbuzi, wakachanjana kifuani, kila mmoja akala kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo nikawa namwita yule mzee Baba Mdogo. Mwanawe alipokuja kutoka kwao kuanza kazi, nikaambiwa huyu ni kaka yako. Kaka gani? Nilimtazama juu mpaka chini, sikuona kaka.

Sasa tumbo. Lilikuwa likimwaka baba kila akila, mpaka nikampeleka hospitali. Dresa akamwambia ana vidonda vya tumbo, akamchoma kidole, akamwandikia kadi: kundi O. Alikuwa mtu wa kupenda kuonyesha kisomo chake, basi akatueleza kwamba madaktari wa ng'ambo wameona watu wa kundi O hupata vidonda hivyo zaidi kidogo kuliko wa kundi A. Moyo wangu ukaruka. Baba Mdogo alikuwa na kadi yake ya A, aliyopewa alipopimwa kazini, na alikula pilipili mbichi kama njugu. Lile neno "kidogo" nililiacha hukohuko hospitali.

"Baba," nikamwambia jioni hiyo, "kama damu zenu zilichanganyika, mbona yeye ni A na wewe ni O? Na mbona vidonda ni vyako peke yako?"

Nilidhani atapiga meza. Aliweka tu kijiko cha uji chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemwita ndugu mtu baki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilimtaka yule kijana, kwa hiyo sikufuta neno.

Habari zikamfikia Baba Mdogo. Siku iliyofuata akaingia kwetu ameshika tumbo.

"Linawaka," akasema. "Palepale panapokuwaka wewe."

"Na kadi yako, Baba Mdogo?" nikauliza.

"Kadi ni karatasi, binti yangu. Tumbo ni langu."

Akaketi, akamiminiwa dawa ya baba, nyeupe kama chokaa ya kupaka ukuta, akainywa yote na kulamba kijiko. Wiki tatu alishinda kwa uji na maziwa. Mashavu yakaanza kubonyea. Baba alichangamka ajabu. Kila jioni wakawa wanashindana ni nani kaumwa zaidi, na mimi jikoni nasonya na kugonganisha masufuria.

Adhuhuri moja nikamfumania Baba Mdogo nyuma ya stesheni. Alikuwa anakula samaki wa kukaanga na pilipili nzimanzima, jasho linamtiririka, macho ameyafumba kwa raha. Aliponiona akaficha sahani mgongoni, mzee mzima!

"Usimwambie," akasema. "Hana ndugu mwingine hapa Voi. Na mimi sina."

Nilikuwa na roho mbaya siku hizo. Nilikwenda moja kwa moja nikamwambia baba.

Baba akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa nimemliza. Kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwapo.

"Wiki tatu anakunywa ile chokaa? Na hana kidonda hata kimoja?"

"Hata kimoja, baba."

Akajifuta macho. "Basi kweli damu yake si yangu. Haya, olewa."

"Na undugu wenu?" Nilimwuliza kwa sauti ndogo, maana sasa jibu lilinitisha.

"Ala! Nani amekuuliza habari za undugu wetu?"

Tulioana kanisani huko milimani. Upande wa bwana harusi walikaa mama mkwe na mashemeji zangu, na kando yao nafasi moja wazi. Mume wangu aligeuka mara mbili kumtafuta baba yake, na mara zote mbili akamwona upande wetu, mbele kabisa, bega kwa bega na baba yangu. Baba alikuwa amekataa katakata kumwachia.

Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Wakasimama wote wawili.