Ng'ombe Aliyelamba Tasnifu Yangu

Julai kwetu Kiganjo ni baridi ya kufisha vidole ganzi, na baridi hiyo ndiyo iliyonitia kiburi. Friji ya maabara chuoni ilikuwa imeharibika, nami nilikuwa na mifuko minane ya udongo niliyotoka nayo pwani. Nikajiambia, friji ya nini na stoo ya mama ipo? Nikaibeba yote hadi nyumbani, nikaipanga sakafuni kando ya gunia la viazi, kisha nikarudi chuoni mjini Nyeri nikijiona mjanja.

Mifuko sita ilikuwa na tope jeusi la kwenye mikoko, lenye harufu ya yai bovu. Miwili ya mwisho niliijaza kando ya mabwawa ya kuvunia chumvi, mahali ambapo ardhi imekauka ikawa nyeupe na hakuna jani linalothubutu kuota. Lakini bakteria wamo. Kazi yangu ya shahada ya pili ilikuwa kuona aina zao zinavyobadilika kadiri chumvi inavyozidi, kutoka mikokoni hadi kwenye ule weupe. Bila ile mifuko miwili sikuwa na kazi. Msimamizi wangu alishasema waziwazi kwamba hakuna safari nyingine ya pwani, na asiyemaliza mwaka huu ataanza utafiti upya.

Jumamosi asubuhi nilirudi kuichukua. Nikahesabu mifuko sita. Nikasogeza gunia la viazi, nikahesabu tena. Sita.

Mama alikuwa zizini akikamua.

"Mami, kuna mifuko mbili imetoka kwa stoo."

"Ile ya munyu?" akasema bila kugeuka. "Ulifanya vizuri sana. Hii ng'ombe imekuwa ikilamba ukuta wiki mzima."

Munyu ni udongo wa chumvi ambao bibi zetu waliwapelekea ng'ombe waulambe, na aliyeupata mbali aliubeba mgongoni akawagawia majirani. Siku hizi watu wananunua chumvi ya mifugo dukani, lakini mama hajawahi kuiamini. Kwake yeye, mtoto aliyetoka safari na udongo mweupe akauweka stoo ameleta zawadi. Lile tope jeusi hakuligusa. "Hiyo imeoza," aliniambia, "siwezi peana kwa mnyama." Yaani kati ya mifuko minane alichagua miwili yenye chumvi kali kuliko yote, kwa macho tu. Mimi nilihitaji mashine.

Nilichungulia horini. Palikuwa pamelambwa pakang'aa. Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia mama kwamba ng'ombe wake amekula masomo yangu. Akaacha kukamua.

"Kwani iko na sumu?" Akamshika ng'ombe masikio kupima kama ana homa.

Hapo ndipo nilipozidi kuwaka. Mimi nalilia digrii, yeye analilia ng'ombe! Ingawa ukweli usemwe, maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonisomesha tangu shule ya upili, kwa hiyo pengine alikuwa anachukua haki yake.

"Na mfuko wa pili uko wapi?" nikauliza.

"Munyu haiwezi kuliwa na boma moja. Nilipelekea yule rafiki yangu wa kwaya, huko chini karibu na mto."

Nilishuka mteremko mbio, gambuti za mama zikinipwaya miguuni. Nilimkuta rafiki yake mlangoni, akanikaribisha chai. Nikasema sitaki chai, jambo ambalo kwetu ni karibu na tusi, nikamwomba anirudishie ule munyu. Alinitazama kwa huruma.

"Ati nirudishe? Kwani mama yako na mimi tumekosana?"

Nilimweleza nikihema. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na mfuko. Ulikuwa bado umefungwa, na maandishi yangu yakisomeka juu yake. Ng'ombe wake alikuwa na mimba, naye alikuwa amemwekea hadi siku ya kuzaa. Mfuko huo mmoja ungetosha kuokoa kazi yangu. Nilimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Kisha nikaingia ndani nikanywa chai, vikombe viwili.

Wiki kadhaa baadaye nilimpeleka mama maabarani. Nilimwonyesha visahani vya kuoteshea, vyenye madoa ya waridi na ya rangi ya chungwa, madogo kama mbegu za sukuma wiki. Akavaa miwani, akainama.

"Hizi ndizo zilikuwa kwa ile munyu?"

"Ndizo. Chumvi yenye inaua vitu zingine, hizi zinaitaka."

"Na ziko hai?"

"Ziko hai, Mami."

Alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu, mikono ameiweka nyuma asije akaharibu kitu.

"Kanisani wakiniuliza unasoma nini, nasemanga tu ni mambo ya sayansi," akasema. "Ningejua ni kitu iko na uhai, ningekuchungia."

Niliona aibu. Kazi hiyo nilikuwa nimewaeleza maprofesa, wanafunzi wenzangu, hata askari wa getini aliyetaka kujua mifuko inanuka nini. Mama sikuwahi kumweleza hata mara moja, kwa kudhani hataelewa. Nikamvutia kiti, nikaanza kumweleza kutoka mwanzo.