Mjusi Mkononi

Sifa zote ni za Mola, aliyewapa uhai hata watambaao.

Mjukuu wangu alinikabidhi mjusi wake wa kufuga, yule mwenye miba kidevuni kama ndevu, huku akitayarisha tangi kubwa la kioo, la mtumba, tulilolichukua mtaa wa Great Barr. "Babu, usimbane."

Taa ya tangi ikapasha moto mchanga wa ndani, na harufu yake ikanirudisha uani mwa chuo chetu cha Kurani, nikiwa mtoto mwenye fimbo. Tulifundishwa kuwa kumuua mjusi kafiri, yule wa kuta za nyumba, kuna thawabu. Mimi nilikuwa nimemuua mjusi wa shambani. Mwalimu alimgeuza kwa kidole. "Huyu siye, mwanangu. Umemdhulumu."

Mjusi akafurukuta, vidole vyangu vikakaza.

"Babu, unambana."

Nikavilegeza kimoja kimoja, hadi akashuka mwenyewe mchangani, akafumba macho chini ya taa.

Msomaji, Mola akulinde, na aulainishe mkono wako.