Picha ya Rais Wao Sablani Kwangu

Aibu hii nilijitia mwenyewe, tena kwa msumari niliougongomea kwa mkono wangu, kwa hivyo sina wa kumlaumu. Mpaka leo nikipita sokoni hapa Ibra, Omani, natazama chini, maana majirani waliyasikia yote.

Mama yangu amekaribia miaka tisini na haja yake ilikuwa moja tu: awaone wanawe wawili, Nassor na Seif, wanakula sinia moja kabla hajafa. Kaka zangu hawa wako Amerika miaka thalathini, wote raia wa kule, na hawasemezani tangu siasa za kule ziwapande vichwani, huyu chama hiki na yule chama kile (wamezaliwa Unguja, wamekulia Ibra, sijui nani kawatuma). Nikawabembeleza kila mmoja peke yake, nikalia kwenye simu mpaka sauti ikakauka, wakakubali kuja Idi.

Sasa mimi kwa ujuaji wangu nikasema niwaheshimu. Hapa kwetu kila duka na kila ofisi ina picha ya Sultani, basi na wao si wana mkubwa wao? Nikaenda duka la fremu nikachapisha picha ya rais wa Amerika (mwenye duka aliniuliza mara mbili kama nina hakika, laiti ningemsikiliza), nikaitundika sablani, pale tunapokaa na wageni, chini kidogo ya Sultani kwa adabu.

Nassor ndiye aliyeingia mwanzo. Akamwamkia Mama shikamoo, akambusu kichwa, akainua macho.

"Zuwena, nini hichi?"

"Rais wenu, kaka."

"Si wangu mimi. Itoe, au nakwenda zangu."

Majirani washakaa, kahawa inapita, na mimi na buibui langu nikapanda kiti nikaishusha, na wakati huohuo Seif anaingia, ananikuta niko juu na fremu kwapani.

"Mbona unaishusha?" akasema. "Hata kama mtu humpendi, kiti kinaheshimiwa."

"Aanze kukiheshimu aliyekikalia," akajibu Nassor.

Hapo ningenyamaza. Lakini maneno hayo nilikuwa nayajua, wallahi, nilishayasikia yote mawili, ila vinywa vilikuwa vimebadilishana. Wakati wa rais aliyepita Seif ndiye aliyekuwa akituletea sauti za kumtukana kwenye kundi la familia la simu mpaka nikawa nasikiliza nimefunga mlango, na Nassor ndiye aliyekuwa akitwambia sisi, si yeye, kwamba kiti kinaheshimiwa. Hasira zikanipanda, miaka yote hiyo Mama analia kwa maneno wanayoazimana, nikatoa simu nikazifungua zile sauti mbele ya watu, moja baada ya moja. Jirani mmoja akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Kaka zangu wakatazamana, mara ya kwanza baada ya miaka.

"Huyu katuvunjia heshima," akasema Seif.

"Kweli kabisa," akasema Nassor.

Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Wakatoka, kila mmoja na gari lake la kukodi, na majirani nao wakaaga mmoja mmoja wakiniepuka macho, na nyama ya shuwa niliyoizika shimoni siku mbili ikabaki inafuka moshi juu ya sinia.

Nilisema kweli, na kweli yangu ndiyo iliyowafukuza. Nimeapa sitomuumbua tena mtu mbele ya mama yake, hata awe na makosa kiasi gani, na picha nimeitia kabatini kifudifudi.

Mama hasikii vizuri. Alikuwa amekaa mbele ya sinia, keshanawa, mkono umetulia ukingoni.

"Wamekwenda kunawa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, Mama, wanakuja.