Siku Niliyokataa Kuitika

Miaka ya tisini, nilipokuwa naanza kazi ya kuigiza kwa sauti, studio yangu ilikuwa chumba cha juu cha nyumba yetu Mji Mkongwe. Niliegemeza godoro mlangoni na kutundika mablanketi dirishani ili kelele za uchochoroni zisiingie. Redio moja ya Dar ilitaka sauti ya mama mkwe mkali kwa mchezo wake mpya, na kanda yangu ilikuwa lazima iondoke na boti ya alasiri.

Jasho linanichuruzika, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaanza kufoka. Mara mama yangu akaniita kutoka chini.

"Mwanangu!"

Kwetu, mama akikuita unaitika "Labeka" hata kama mdomo umejaa chakula. Nikakaza moyo, nikaendelea kusoma. Akaanza kupanda ngazi, akigomba kila kidato.

"Nnakwita, hunisikii? Au ushakuwa mkubwa kuliko mimi?"

Nilimaliza mstari wa mwisho huku akiupigapiga mlango kwa kiganja. Wakati wa kurekodi upya haukuwepo. Nilimwomba radhi, nikakimbilia bandarini na kanda ile ile, machozi ya hasira yakinitoka.

Baada ya wiki simu ikalia sebuleni. Mtayarishaji wa mchezo alisema nasoma vizuri.

"Lakini huyo bibi anayegomba nyuma yako ni nani? Tunamtaka huyo."

Nikamwita mama aje kwenye simu. Alikuwa jikoni, ananisikia vizuri kabisa.

Hakuitika.