Wenyeji Hawaruhusiwi

Mimi hasira zangu haziji na kelele. Huanzia masikioni, yakapata moto, halafu nikanyamaza. Wanafunzi wangu wa sekondari kule Migori wananijua. Nikinyamaza tu, darasa zima linakaa sawa. Siku ile, mbele ya lango la kambi ya watalii karibu na Kisegi, nilinyamaza hivyo, na askari wa lango masikini hakujua kinachokuja.

Tulikuwa wawili, mama yangu na mimi. Nilikuwa nimekuja nyumbani likizo. Tulitoka misa Jumapili, mama bado amevaa gauni lake la kanisa, akasema miguu yake inataka maji ya ziwa. Alitaka pale pale alipokuwa akianika omena, dagaa wetu wa ziwani, tangu usichana wake, kabla ufuo haujazungushiwa seng'enge. Nikamwambia twende, tena leo tutaketi, tunywe soda kama watu.

Askari alikuwa mtu wa kwetu, tena shemeji kwa mbali. Alimsalimia mama kwa adabu zote, kisha akajiweka katikati ya lango.

"Mama, pole sana. Hapa wenyeji hawaruhusiwi."

Nikasema tutalipa kama wengine.

"Si maneno ya kulipa, mwalimu." Akaigusa ngozi ya mkono wake kwa kidole, mara mbili, akipunguza sauti. "Ni hii. Hata mimi nikimaliza kazi, sikai pale."

Nyuma yake wazungu walikuwa wamejilaza kwenye mchanga, mmoja amefunika uso kwa kofia. Mama aliwatazama, akasema, "Haya, baba," akageuka. Alirudi pole pole, mgongo wima, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Angetukana, ningepumua. Hakutukana, na mimi nilitamani kung'oa lile lango na bawaba zake.

Neno lenyewe ndilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Wenyeji! Nimelifundisha miaka. Mwenyeji ni mtu wa mahali, na mwenyeji huyo huyo ndiye anayepokea wageni, Kiswahili hakikutenganisha. Sasa kama mwenyeji haruhusiwi, yule aliyefunika uso kwa kofia ni mgeni wa nani?

Nikaandika. Nilichagua soneti, mistari kumi na minne, umbo ambalo huwaambia wanafunzi kwamba lilitoka Ulaya likibeba mapenzi. Nikasema leo litabeba letu. Tena nilikuwa na sababu nyingine: kwenye mistari kumi na minne matusi hayana pa kukaa. Nilifuta kila neno chafu, na niamini, yalikuwa mengi. Mama alikuwa akichambua mboga, akauliza ni kwa nini nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Nikamweleza.

"Kumi na minne tu? Yawa! Maneno yamekuishia?"

"Hapana, mama. Hasira ndiyo nyingi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi sitaki kuombewa ruhusa, nyathina," akasema. Mtoto wangu. "Usije ukanipeleka pale kwa huruma ya mtu."

Basi tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama aingie pale mchana, kwa miguu yake, bila kuombewa.

Haikuchukua muda, chifu akanipigia simu. Kambi ilikuwa imejengea shule ya msingi tangi la maji, kutakuwa na sherehe pale pale ufuoni, na wanataka shairi la shukrani kutoka kwa mwalimu wa nyumbani. Nilisema shairi lipo. Hakuuliza ni la nini. Alisema tu lisiwe refu, wageni wasichoke na jua.

Siku yenyewe lango lilikuwa wazi. Watalii waliketi kwenye viti chini ya hema, na sisi tukasimamishwa juani nyuma ya kamba ya manila. Kamba, jamani! Mama alikuwa mstari wa mbele, ncha za viatu zikigusa kivuli cha kamba. Hakuvuka. Mimi nikaitwa katikati. Nikasoma yote, taratibu, nikimtazama mwenye kambi, mzungu mrefu aliyekuwa akitabasamu kwa sababu hakuelewa. Nikafika mwisho:

*Semeni nami nijue: nani mgeni wa nani?*
*Mwenyeji akifukuzwa, nani awapokeeni?*

Nyuma ya kamba watu waliguna kwanza, kisha makofi yakalipuka. Mzungu naye akapiga makofi, akamwinamia chifu kuuliza nimesema nini. Chifu, jasho likimtoka, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwalimu anashukuru sana kwa tangi.

"Hapana, chifu," nikasema. "Samahani, lakini hapana."

Nikamtafsiria mwenyewe. Sikupaza sauti. Nilimwambia habari ya lango, ya askari aliyetumwa kusema hivyo, ya kidole kwenye ngozi, ya mama aliyerudishwa akiwa amevaa gauni lake la kanisa. Nilimwambia tangi ni zuri na watoto watakunywa, na kwamba tangi halinunui ufuo wala halininunui mimi. Chifu alinikata jicho la kunimaliza. Nikamwacha akate.

Yule mzungu aliiva uso wote. Alimtafuta mama kwa macho, na nilipomwonyesha, akatoka kwenye hema, akaenda hadi kwenye kamba, akaiinua yeye mwenyewe na kunyoosha mkono.

"Karibu, mama," akasema. Kiswahili chake chote nadhani kilikuwa hicho. "Karibu, karibu."

Mama hakusogea.

"Hapana," akasema. "Karibu wewe."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni kile Kiswahili chetu cha huku, kinachopinda kikitoka kwenye lugha yetu ya Dholuo. Hata chifu akapata nafuu ya kucheka, akamsogelea kumsahihisha kama mtoto. "Mama, ukikaribishwa unajibu 'asante'. Sema asante."

"Najua nani anasema asante," mama akamwambia.

Akapita chini ya kamba, mkono wa mzungu ukabaki hewani. Akaenda hadi viti vya mbele, akachagua kimoja, akaketi, akavua viatu vyake vya kanisa na kuviweka kando, miguu ikazama mchangani. Kisha akapigapiga kiti cha jirani kwa kiganja, akimtazama mwenye kambi machoni.

"Karibu kwetu," akasema. "Keti."

Kicheko kilikuwa kimekatika. Mzungu alimtazama chifu, akanitazama mimi, hakuna aliyemsaidia. Akaja, akaketi taratibu kwenye ncha ya kiti, akatafuta la kusema, akakumbuka lile neno alilolisikia kwa chifu.

"Asante," akasema.